Pueblo Esperanza inavyopanda: uchambuzi wa ujenzi mpya wa Animal Kingdom, kutoka Mikindani

Ndugu zangu watazamaji, asalaam aleikum, karibuni sana. Leo simu na spika ninazozichambua siku zote zinapumzika. Ninachochambua ni kijiji kizima, tena kijiji ambacho hakijafunguliwa. Kinaitwa Pueblo Esperanza na kinajengwa Florida, Marekani, ndani ya bustani ya burudani ya Disney iitwayo Animal Kingdom. Ukubwa wake ni ekari 11. Kilitangazwa Agosti 2024, na wenyewe wamesema kitafunguliwa 2027.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kufika hapa, utajiuliza mtu wa Mikindani anatafuta nini huko. Jibu ni hili. Ndani ya bustani hiyohiyo, tangu ilipofunguliwa Aprili 22, 1998, kuna mji wa kuigiza unaoitwa Harambe, na mji huo umetengenezwa kwa kuitazama Lamu. Kuta zilizochubuka, milango mizito ya mbao, maandishi ya Kiswahili ukutani. Kwa hiyo sisi watu wa pwani hii, tangu Lamu kuteremka Kilwa mpaka hapa Mikindani, tunaweza kusema kwa kujiamini kama wajenzi hawa wanajua kunakili mji wa watu. Tukishapima walivyofanya kwetu, tutajua tuwategemee vipi kwa wanachowajengea sasa watu wa Kolombia na watu wa nchi za Wamaya, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kati. Hicho ndicho kipimo changu leo.

Haya, tazameni picha hii ya angani. Imepigwa kutoka juu sana, na kuna sababu. Juu ya bustani za Disney za Florida ndege haziruhusiwi kuruka chini ya futi 3,000, katazo la tangu 2003, na droni ndiyo kabisa. Wanaofuatilia ujenzi hupanda helikopta, wakapita juu ya kiwango hicho, wakapiga kwa lenzi ndefu. Nawashukuru sana watu hao, maana bila wao sisi tulio mbali tungekuwa tunaangalia michoro ya matangazo tu. Lakini picha zao zina upungufu ambao lazima uujue: zinaonyesha paa, hazionyeshi uso. Lile jengo kubwa la pembe nne, lisilo na dirisha wala urembo, usilikasirikie. Hilo ni banda la kuficha mitambo. Mgeni atakayetembea kijijini hataliona, kwa sababu upande wake litavikwa sura ya nyumba, na miti itapandwa kuziba kinachobaki.

Jambo la pili kuhusu picha hizi. Fremu ya chuma hupanda haraka, na ikishasimama watu wanashangilia wanadhani kazi imekaribia kwisha. Hapana. Anayejenga nyumba Mtwara anajua kwamba kupandisha boma si kazi. Kazi ni lipu, dari, umeme, milango. Kwenye bustani za burudani hali ni hiyo mara kumi, maana ndani ya banda bado kuna njia ya magari, sanamu zinazocheza, taa, sauti, na miezi ya majaribio. Ukiona kreni zimeondoka, ndiyo kwanza mafundi wa ndani wanaingia.

Na kabla ya chuma kuna karatasi. Florida ni tambarare yenye maji mengi, kwa hiyo huwezi kugeuza ardhi pale bila kuonyesha maji ya mvua yatakwenda wapi. Michoro hiyo hupelekwa South Florida Water Management District, yaani mamlaka ya maji ya kusini mwa Florida, na mtu yeyote duniani anaweza kuisoma bure. Ndani yake unakuta mipaka ya majengo, mabwawa na njia za watembea kwa miguu, wakati mwingine mapema kabla kampuni haijatangaza chochote. Ukiwa na bando dogo, nakusihi ulitumie kwenye michoro hiyo na kwenye picha za angani. Zile video ndefu za mtu aliyesimama nje ya uzio anaonyesha mbao zilizopakwa rangi ya kijani, ziache. Hazikupi kitu.

Sasa nizungumze kuhusu kilichobomolewa, na hapa naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe linatugusa watu wa Lindi na Mtwara.

Eneo hilo lilikuwa linaitwa DinoLand U.S.A. Lilikuwa eneo la dinosaria. Mlangoni kulikuwa na mifupa mirefu ya kuigiza ya Brachiosaurus, shingo imepanda juu, watu wanapita chini yake. Mimi kila nilipoiona mifupa ile niliona Tendaguru. Wanaotoka Lindi wanakijua kilima hicho, kaskazini-magharibi ya mji. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliikuta mifupa mikubwa imetokeza ardhini. Kuanzia 1909 mpaka 1913 msafara kutoka Berlin ulichimba pale, na waliochimba kwa mikono yao walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mzigo ulibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama wale amesimama hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Berlin, urefu mita 13.27 kwenda juu. Kwa miaka mingi wataalamu walimwita Brachiosaurus brancai. Siku hizi wanamwita Giraffatitan. Kwa hiyo yule wa mlangoni Florida ni wa ukoo wake. Na mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya yule msimamizi wetu. Nalisema hili kwa fahari, kwa sababu vijana wengi wa hapa hawajawahi kuambiwa.

Je, nimehuzunika kuona DinoLand inaondoka? Ndiyo, nimehuzunika. Lakini uchambuzi ni uchambuzi. Sehemu moja ya eneo lile, Dino-Rama, iliyoongezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa dhaifu. Waliigiza tamasha la pembeni mwa barabara, lami chini, mistari ya kuegeshea magari, bembea zinazozunguka juani bila kivuli. Katika bustani ambayo kwingine kote imefunikwa miti, pale palikuwa peupe na joto. Bembea ya TriceraTop Spin ilifungwa Januari 2025, uwanja wa watoto wa Boneyard ukafuata Septemba mwaka huohuo, na mchezo mkubwa uliobaki, DINOSAUR, ukafungwa mwanzoni mwa Februari 2026. Nimependa walivyopanga hatua hizo. Walifunga kipande, wakaanza kuchimba, huku kipande kingine bado kinapokea wageni.

Mchezo huo wa DINOSAUR ndio unaonipa hamu kuliko yote, kwa sababu haubomolewi wote. Unageuzwa. Ulikuwa na magari ya watu 12, safu tatu za watu wanne wanne. Kila gari limekalishwa juu ya mitambo ya haidroliki inayolinyanyua, kulilaza na kulitikisa, wakati njia yenyewe chini ni laini kabisa. Aliyekaa ndani anahisi yuko juu ya lori la korosho linaloteremka kutoka Newala enzi za barabara ya vumbi. Teknolojia hiyo ilitumika kwanza 1995 kule Disneyland, California, kwenye mchezo wa Indiana Jones, yule mtafuta mambo ya kale wa kwenye filamu, na njia ya magari ya Florida inafuata karibu mchoro uleule. Sasa Florida nayo inapata Indiana Jones, safari hii ndani ya hekalu la Wamaya. Banda lipo, njia ipo. Kinachobadilika ni mandhari, sanamu, sauti, na programu inayoamuru gari litikisike wapi.

Faida yake ni wazi: msingi haukuchimbwa upya, zege halikumwagwa upya. Hasara yake ni kwamba kona zote zimeshawekwa. Aliyechora hekalu hakuanza na karatasi tupu. Lazima kila chumba kikae pale ambapo gari lilikuwa linakutana na dinosaria. Kwa kuwa California waliweza kwa mchoro karibu uleule, mimi nina imani. Ila mfuatiliaji elewa kwamba upande huo hutaona kreni wala vumbi. Kimya chake hakina maana kwamba wamelala.

Upande ilipokuwa Dino-Rama ndiko kuna ujenzi wa tangu chini. Huko inajengwa nyumba ya familia ya Madrigal kutoka filamu ya Encanto, na mgeni atapanda chombo kupita vyumbani mwake. Karibu yake kutakuwa na bembea ya kuzunguka, ile yenye wanyama wa kupanda, na mgahawa mkubwa wa mtindo wa nyumba za mashambani za Kihispania.

Ngojeni nigeuze kamera, maana hapa ndipo uchambuzi wenyewe ulipo.

Mnauona ukuta huu? Hii ni nyumba ya zamani ya Mikindani. Lipu imeanguka hapa, na ndani yanaonekana mawe ya matumbawe, yamefungwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe pia, yaliyopangwa juu ya magogo yakachomwa. Nikiinua kamera juu mnaona boriti za mikoko. Sasa pimeni upana wa chumba kwa macho. Chembamba, siyo? Chumba cha nyumba za namna hii ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haitoshi kuvuka chumba kipana. Karibu mita tatu imefika mwisho. Hakuna mchoraji aliyeamua. Mti ndio ulioamua.

Harambe ya Florida walifanya nini? Kwenye kuta, wamefanya kazi ya heshima. Walikubali kujenga kitu kipya kinachoonekana kimezeeka: nyufa, rangi iliyofifia, chokaa iliyobanduka hata mawe yakaonekana. Mtu wa kwetu anaziamini. Kiongozi wa usanifu wa bustani ile, Joe Rohde, aliwatembeza wenzake Afrika kabla ya kuchora, na inaonekana. Lakini inua macho kwenye mapaa. Kwa kazi ya kuezeka waliletwa mafundi wa Kizulu kutoka Afrika Kusini, wakaezeka kwa nyasi. Ni mafundi hodari, na paa lao ni zuri, nene, limekatwa kwa ustadi. Lakini paa la Lamu ni makuti ya mnazi. Makuti ni mepesi, yana tabaka, ncha zake zinaning'inia, upepo ukivuma yanasema. Nyasi za Kizulu juu ya ukuta wa Kiswahili ni nchi mbili zimekutanishwa na mtu ambaye kwake zote ni Afrika. Mgeni wa Marekani hataona. Mtoto wa Mikindani anaona kabla hajafika mlangoni.

Sasa rudini Pueblo Esperanza. Eneo lote wanaliita Tropical Americas, yaani mchanganyiko umeanza tangu kwenye mpango. Nyumba ya Madrigal ni ya Kolombia, na inafanana na nyumba za milimani kwenye ukanda wa kahawa. Hekalu ni la Wamaya, na nchi ya Wamaya ni kusini mwa Meksiko, Guatemala, Belize na Honduras. Kuna bahari na mamia ya kilomita katikati. Na wajenzi wa pande hizo hawakutumia vitu vinavyofanana hata kidogo.

Nyumba za zamani za ukanda wa kahawa ni za mianzi mikubwa na udongo. Ndugu zangu, hizo ni nyumba za kukandika! Mtu wa Tandahimba au Nachingwea hahitaji maelezo. Unasimamisha miti, unafunga fito, unakandika udongo, unapaka juu. Ukuta wake una unene mlaini, kona zake hazina makali, mstari wake haujanyooka sana. Wamaya wao walijenga kwa mawe ya chokaa yaliyochongwa, wakachoma mawe hayo kupata chokaa kama wazee wetu walivyochoma matumbawe, wakapiga lipu na kupaka rangi, nyekundu hasa. Ukuta wao una makali, una ngazi, una uzito.

Florida hakutakuwa na udongo wala mawe ya chokaa. Kwenye kazi kama hii nondo hukunjwa kufuata umbo, wavu wa waya hufungwa juu yake, zege hurushwa kwa bomba, kisha mafundi huchonga kwa mkono kabla halijakauka. Wana saa chache tu. Baada ya hapo huja wapaka rangi, tabaka juu ya tabaka. Watu wa Animal Kingdom wana rekodi nzuri katika hilo. Ule mti mkubwa wa katikati ya bustani, Tree of Life, una kimo cha futi 145, na ndani yake kuna fremu ya chuma ya aina ya majukwaa ya kuchimbia mafuta baharini. Hapa Mtwara, tulioona mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, tunaweza kukisia uzito wa kazi ile. Na juu ya chuma hicho walichonga mamia ya wanyama kwa mkono. Sina wasiwasi na mikono yao.

Wasiwasi wangu ni huu mmoja. Zege lilelile, bomba lilelile, pengine mafundi walewale, wanatakiwa watoe ukuta wa udongo upande mmoja na ukuta wa mawe upande wa pili, umbali wa kutembea. Nyumba ya Madrigal ikitoka na kona kali kama za hekalu, au hekalu likitoka na ulaini wa nyumba ya kukandika, basi wamerudia kosa la paa la Harambe, na safari hii kwa ukubwa wa ekari 11. Wakiweza kuzitenganisha, mtu wa Kolombia na mtu wa Guatemala kila mmoja atajiona, na mchanganyiko utakuwa mkutano wa majirani wanaojulikana.

Kwa hatua iliyofikiwa, alama zangu ni hizi. Mpangilio wa kufunga na kujenga kwa vipande, tisa kwa kumi. Kuutumia upya mchezo wa zamani, nane. Wazo la kijiji chenyewe, kuwa na uwanja wa katikati na kivuli badala ya lami ya Dino-Rama, nane, na ningetoa tisa kama wangeacha hata jiwe moja la kumbukumbu ya dinosaria. Ukweli wa mahali, ambao ndio nauthamini kuliko yote, sitoi alama leo. Chuma hakina kabila. Ukitazama nguzo huwezi kujua kama zitavaa Kolombia au Guatemala.

Ninachowaomba mfuatilie miezi inayokuja ni siku ile wavu wa waya utakapofungwa kwenye nguzo za mbele, na wiki itakayofuata zege likiwa bado halijapakwa rangi. Hapo ndipo ukuta unasema ukweli, kwa sababu rangi huficha mengi. Tazameni kona za madirisha. Tazameni mwisho wa mapaa, kama vigae vimeachwa na mkunjo wa asili au vimepangwa kwa rula. Tazameni unene wa ukuta mlangoni. Kwa wale wanafunzi wa uashi pale VETA Mtwara, zigandisheni picha hizo, mzikuze, halafu nendeni mkaguse ukuta wa matumbawe hapa Mikindani na ukuta wa kukandika kijijini kwenu, mlinganishe. Nitatengeneza video nyingine lipu ya kwanza ikionekana upande wa nyumba ya Madrigal, na hapo nitatoa zile alama zilizobaki.